Hakimu na Uso wa Kijani

Hakimu alikuwa mwongo. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Kasulu wakimtaja husema kinyume chake: kwamba hajatokea mtu mkweli kama yule, kwamba enzi zake kwenye mahakama ya mwanzo hata mwizi wa kuku aliungama kabla ya kuulizwa. Ya mahakamani siyajui, nilikuwa mtoto. Mimi nimemjua akiwa mstaafu na mgane, jirani yangu niliyetenganishwa naye na mstari mmoja wa migomba, na nasema alikuwa mwongo. Uongo wake ulininyima usingizi kuliko meno ya mwanangu yalipokuwa yanaota.

Jina lake silitaji. Hata mtaani halikutumika. Mama muuza samaki alimwita Hakimu, padri alimwita Hakimu, na binti yake wa kumzaa, ambaye ni mwalimu huko Kibondo, alikuwa akinipigia simu na kusema, "Mdogo wangu, Hakimu ameamkaje leo?" kama mtu anayeulizia ofisi.

Alikuwa na sentensi moja aliyoitia kila mahali kama chumvi: "Jibu ulichoulizwa." Ukimwambia chai iko tayari na mvua inakuja, alisema nilikuuliza chai, sikukuuliza mvua. Nakumbuka mama muuza samaki alipopita na beseni la migebuka kutoka Kigoma mjini.

"Hawa ni wa lini?" Hakimu akauliza.

"Watamu, mzee. Ukipika hutaki nyama tena."

"Sikukuuliza utamu. Nimekuuliza siku."

"Wa juzi," akasema yule mama, akishusha beseni. "Na wewe je, mzee, ni wa lini?"

Hakimu alicheka mpaka akakohoa, akanunua wawili. Alipenda mtu amjibu. Waliomwogopa aliwachoka upesi, na waliomwambia ndiyo mzee, ndiyo mzee, aliwaaga kabla hawajamaliza kukaa. Mwanangu Tumaini ndiye aliyempata kabisa. Alijifunza kutembea kwenye ua wa Hakimu, akishika miguu ya kiti chake, na alipofika umri wa kuiba alishtakiwa pale pale.

"Mama Tumaini, huyu mshtakiwa ana mafuta mdomoni. Andazi langu lilipotea akiwa wapi?"

"Sijala," anasema Tumaini.

"Sijakuuliza kula. Nimekuuliza ulikuwa wapi."

"Nilikuwa nakula."

Sasa mtu huyo huyo, anayemkamata mtoto wa miaka miwili kwa neno lake mwenyewe, alikuwa na kisukari na presha, na mwambie hivi: "Hakimu, hiyo sukari." Anakujibu, "Sukari gani?" "Hiyo kwenye kijiko." "Hicho ni kijiko." Halafu anakoroga, anakutazama usoni, anakunywa. Dawa alimeza siku alizojisikia kuzimeza. Kadi ya kliniki aliiweka ndani ya Biblia, na Biblia hakuifungua mbele yangu.

Nisimseme upande mmoja tu. Baba yake Tumaini ni dereva, alikuwa anaendesha fuso za njia ya Manyovu, na nilipojifungua alisema mtoto si wake. Nilikwenda kwa Hakimu nikilia. Aliniacha nikalia mpaka nikachoka mwenyewe, kisha akauliza, "Unamtaka yeye, au unataka mtoto atambuliwe?"

"Vyote."

"Chagua kimoja. Hakuna ofisi inayogawa vyote."

Nikachagua mtoto. Alitembea na mimi mpaka ofisi ya ustawi wa jamii, amevaa tai na koti jua likiwaka, akakaa nyuma yangu asiseme neno hata moja. Ila kila yule mwanaume alipoanza sentensi kwa "kwa kweli," Hakimu alisafisha koo. Kwa kweli, mimi huyu dada. Khm. Kwa kweli, siku hizo nilikuwa. Khm. Mwisho yule mwanaume aliacha maneno hayo, na alipoyaacha hakuwa na mengine. Akakubali mtoto. Tulipotoka nje Hakimu hakunipongeza. Aliniambia viatu vyangu havifai kwa mahakama.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nilihangaika naye, sababu ndiyo hiyo. Na tena nani mwingine angehangaika? Binti yuko Kibondo, na barabara ya Kibondo mvua zikianza ni tope tupu. Wana wa kiume wako mbali zaidi, wanapiga simu Krismasi. Maji nilichota mimi. Kuni nilileta mimi. Nilifagia, nilipika ugali wa muhogo, nilimletea maharage yameshaiva. Yeye akiulizwa na wageni anaishije peke yake, alijibu, "Najitegemea." Na mimi niko pale pale, ndoo kichwani.

Neno hilo ndilo lililonikuta tena ukutani mwa ofisi ya mradi. "Mzee anayejitegemea." Chini yake picha ya babu mmoja anatabasamu na simu. Hakuna aliyepiga picha ya mwenye ndoo.

Mradi wenyewe ulikuja Tumaini akiwa anaanza kusema. Vijana wa kompyuta kutoka Dar walipanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, wakatafuta mtu wa hapa aliyemaliza kidato cha nne, anayejua Kiha na asiyeona haya kuingia nyumba za watu. Nikapata kazi. Walikuwa wanatengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wazee wanaokaa peke yao. Mzee anapewa simu ya kupangusa. Kila asubuhi simu inaongea, inamsalimia, inamkumbusha dawa, inamuuliza habari. Kama ni nzuri anagusa uso wa kijani unaocheka. Kama si nzuri anagusa uso mwekundu ulionuna. Akigusa kijani, mtoto wake popote alipo anapata ujumbe: mzazi wako yuko salama. Akigusa mwekundu, ujumbe unakwenda kwa mtoto na kwa muuguzi. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wazee, kuwachajia simu zao dukani, na kurudi na malalamiko yao ili vijana warekebishe. Nilikuwa na wazee wa Kasulu, na mara moja moja nilipanda basi kwenda kwa wale wa Kibondo.

Mzee wangu wa kwanza alikuwa Hakimu. Nilimwekea simu mezani. Sauti ya kike ikatoka: "Shikamoo, mzazi."

"Marahaba," akajibu Hakimu, akakaa vizuri kitini.

"Habari ya asubuhi? Kama ni nzuri, gusa uso wa kijani. Kama si nzuri, gusa uso mwekundu."

Hakimu akanigeukia. "Huyu amekaa au amesimama?"

"Ni simu, Hakimu."

"Anauliza habari za watu akiwa amesimama. Katoto ka nani haka?"

"Gusa tu, baba."

Akagusa kijani. Asubuhi ile alikuwa na homa, nilikuwa nimetoka kumpikia uji kwa ajili ya homa hiyo.

Hapo nilicheka. Baadaye sikucheka. Maana kwetu Buha salamu ni kazi, si kitu cha kupita nacho. Mdogo anainama, anapiga makofi taratibu, anasema mwakeye, mkubwa anaitikia, mnaulizana watoto, mnaulizana shamba, na jibu la yote hayo ni zuri. Ni zuri hata kama ndani kuna maiti. Mgeni akishapewa kigoda, akishakaa, ndipo unamwambia: ila sasa. Najua Waswahili wote wako hivyo kidogo, "nzuri tu, ila mama amelazwa," lakini sisi hiyo "ila" tunaiweka mbali zaidi, na yule binti wa kwenye simu alikuwa anaondoka kabla haijafika. Anasalimia, anaitikiwa, anakata. Wazee wangu wote walikuwa wanamjibu kwa adabu, na adabu yao ilikuwa inakwenda Dar ikiwa na rangi ya kijani.

Bibi mmoja wa Kibondo nilimkuta amelala chini, malaria imempanda kichwani, midomo imepasuka. Kwenye simu yake alikuwa amegusa kijani asubuhi hiyo hiyo. Alipopata nafuu nikamuuliza kwa nini.

"Sasa mwanangu," akasema, "ningemwambiaje mgeni kwamba ni vibaya, na hata hajakaa?"

Nilirudi Kasulu na hasira yangu nzima nikaipeleka kwa Injinia. Ndivyo tulivyomwita yule kijana mkubwa wa kompyuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa baridi yetu, anavaa majaketi mawili, ananunulia watoto wa jirani soda. Nilimwambia swali lake ni bovu, liondolewe.

"Dada, tulilijaribu Dar, likafanya kazi."

"Hapa siyo Dar. Hapa umewauliza salamu, wamekujibu salamu. Uliza kitu. Uliza umekula, uliza una kidonda, uliza umeenda chooni mwenyewe."

"Nikiweka maswali kumi watachoka. Na watoto wao hawataki maswali kumi. Wakiamka wanataka kitu kimoja, yuko salama au hayuko."

"Watoto wao wanataka kudanganywa."

"Asubuhi kila mtu anataka kudanganywa, dada," akasema Injinia. "Mpaka apate chai."

Lakini alinisikia. Alifikiri siku kadhaa, kisha akaniita akasema sawa, tutaweka swali moja la kweli baada ya salamu, na lisemwe na mtu wa huku, kwa lafudhi ya huku. Akanipa kipaza sauti. Tukafunga madirisha kwa sababu ya mashine ya kusaga iliyokuwa ng'ambo ya barabara, nikasema: mwakeye, mzazi wangu. Halafu nikanyamaza kidogo, kama mtu anayekaa. Halafu nikasema: je, una kidonda popote mwilini? Gusa "ndiyo" au "hapana." Niliona nimemaliza. Niliamini kabisa kwamba shida ya wazee wangu ilikuwa adabu, na dawa ya adabu ni kuuliza vizuri. Kwa wengine ilikuwa hivyo. Bibi wa Kibondo wiki hiyo, nilipompitia, alisema kila kinachomuuma mpaka meno aliyokwisha kung'oa.

Hakimu aligusa "hapana."

Kila asubuhi, kupitia migomba, nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye kibaraza chake. Mwakeye, mzazi wangu. Naye anaitikia vizuri, kwa kuvuta, kama anavyoitikia mtu. Je, una kidonda popote mwilini? Halafu ule mlio mdogo wa simu ikikubali.

Kilikuwa kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye vikombe, na Hakimu alikuwa anashinda amevaa gambuti. Gambuti za mvua, kiangazi. Nikamuuliza, akasema nyoka. Nyoka gani? Akasema nimeulizwa kwa nini nimevaa, sikuulizwa nyoka gani. Akawa anapokea wageni nje tu, upande wa upepo. Ndani hakutaka nifagie, alisema vumbi linamkera. Nami nina mtoto, nina kazi, nina wazee wengine, nikaona sawa, kazi moja imepungua.

Tumaini ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa chini karibu na kiti chake, akainua uso.

"Babu anapanya."

"Ananuka panya," nikamsahihisha kabla sijafikiri ninachosahihisha.

"Shahidi ni mtoto mdogo," akasema Hakimu haraka. "Ushahidi wake hausimami peke yake."

Nilipiga magoti nikashika buti. Akavuta mguu.

"Unapekua bila hati."

"Hati ninayo, inanuka."

Sitaeleza sana nilichokiona. Chini ya kidole gumba palikuwa peusi, na juu yake alikuwa amepaka majivu na majani aliyoyajua mwenyewe, amefunga kitambaa kilichokatwa kwenye shuka la marehemu mkewe. Alikuwa amefunga vizuri sana. Mtu asiyejua kuchemsha maji ya chai alikuwa amejifunza kufunga kidonda peke yake ili nisijue.

"Kila asubuhi nakuuliza kama una kidonda," nikasema.

"Ndiyo."

"Unasema hapana."

"Ndiyo."

"Usiniambie umejibu ulichoulizwa. Nimekuuliza hiki hiki. Nimekuuliza kwa mdomo wangu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Hakimu alitazama mguu wake kana kwamba umeletwa na mtu mwingine. "Shahidi halazimishwi kujitia hatiani."

"Hatia gani? Kidonda ni hatia?"

"Kibondo," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipoelewa nikakasirika zaidi. Binti yake alipokubali baba abaki Kasulu peke yake, alikubali kwa sharti, na sharti lilikuwa ile simu. Alimwambia mbele yangu, siku uso ukiwa mwekundu nakuja na gari, hatujadiliani. Mimi nilidhani ni maneno ya mtoto anayependa baba. Yeye aliyasikia kama hukumu iliyoandikwa tayari, inasubiri tarehe. Adabu haikuwa na kazi yoyote pale. Kijani kilikuwa nyumba yake. Alikuwa akiamka kila siku na kulipia nyumba yake kwa kidole kimoja, na kidole kingine kilikuwa kinaoza.

Alinisihi. Hilo watu wa Kasulu hawalijui na hawataamini. Alisema Mama Tumaini, niachie wiki hii, kinakauka. Alisema yule atanipeleka kwenye nyumba ya watu nikae kama mzigo stendi. Alisema wewe mwenyewe utanisaidia kukiosha, tutakiosha wawili, simu ina haja gani. Tutakiosha wawili. Yaani mimi.

Nilichukua simu mezani nikagusa uso mwekundu, huku anaona.

"Umehukumu," akasema.

"Ndiyo."

Sijutii. Niliulizwa hilo baadaye na watu wa kanisani, kwa lile jicho lao. Mnataka nijute nini? Daktari alisema siku chache zaidi na tungezika. Binti alikuja na gari la kukodi kesho yake, amevaa nguo za shule zenye chaki. Walimkata mguu juu ya goti. Kutoka hospitali hakurudi Kasulu, walikwenda moja kwa moja Kibondo, na mimi niliyefunga nyumba yake na kubaki na ufunguo sikuagwa. Alipandishwa garini akiwa ametazama upande wa pili.

Ninachokasirikia ni kilichofuata. Mradi uliita wageni, viti vya plastiki, maji ya chupa. Wakaonyesha ukutani nyuso za wazee wote wa Kasulu na Kibondo, kijani, kijani, kijani, na katikati mwekundu mmoja. Msemaji aliyeletwa kutoka Dar akasema tazameni, huyu mzee aligusa mwenyewe, familia ikafika, maisha yakaokolewa, mfumo umefanya kazi. Wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma nimempakata Tumaini. Uso mwekundu pekee waliowahi kuupata ulikuwa wa kidole changu. Injinia alinitazama, alijua, akainamisha macho kwenye kompyuta yake. Simlaumu sana, naye alikuwa ana bosi. Baadaye mradi ulifungwa. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka, kila gari lenye nembo liligeukia Makere kwenye kambi, na hilo ni haki yao, watu walikuwa wanakufa njaa. Lakini wazee wetu walibaki na simu zinazowasalimia kila asubuhi, na majibu hayaendi kwa mtu yeyote.

Mwaka huo huo nilikwenda Kibondo kumwona shangazi yangu, nikapitia nyumbani kwa yule binti mwalimu. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, yeye yuko shule. Sizui, nyumba ilikuwa nzuri. Sakafu ya vigae, maji bombani, msichana wa kazi anayepika na kufua. Hakimu alikuwa kibarazani, magongo yameegemezwa ukutani, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini, safi. Alikuwa amenawiri. Msichana alimwita babu, akampa uji, akamfuta mdomo kabla hajameza. Hakimu hakumwambia kitu. Hakumuuliza uji ni wa lini. Nikajua huyu anakufa.

Alipoona ni mimi alimtuma msichana sokoni. Alisubiri geti lifungwe.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Sasa niulize."

"Nikuulize nini, Hakimu?"

"Ya kwenye simu, na yale ambayo simu haikuuliza. Yote. Niulize kama unavyouliza."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengine, nilitaka kumwambia Tumaini ameanza chekechea. Nikayaacha.

"Unaweza kupika?"

"Siwezi. Sikuwahi kuweza."

"Chooni unakwenda mwenyewe?"

"Kukiwa kukavu, mchana. Mvua ikinyesha siwezi."

"Una kidonda?"

"Kipo kidogo, mguu huu uliobaki. Mwalimu anakijua. Anakiosha yeye."

"Macho?"

"Nakuona wewe. Maandishi ya kwenye dawa siyaoni."

"Ukianguka?"

"Nitalala hapo mpaka mtu apite." Akangoja. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi yote hayo ni kweli," akasema Hakimu, "na nataka kurudi kwangu."

Hakusema "ila." Aliyaweka mawili pamoja, hili na hili, kama vielelezo juu ya meza moja. Nilikasirika. Kama angeyasema hayo Kasulu, kidonda kikiwa kama punje ya harage, tungekiosha, angepelekwa kliniki kwa bodaboda, angerudi, angekuwa na miguu miwili na nyumba. Na kama sisi tungekuwa watu ambao mzee anaweza kutuambia hivyo bila kufungashiwa nguo zake, labda angeyasema.

"Usiniambie mimi," nikasema. "Mwambie yeye."

Nikampigia binti yake, nikampa simu. Nilisikia kelele za wanafunzi walio mapumzikoni. Hakimu alimwambia yote, kwa mpangilio ule ule, kupika, choo, mguu, macho, kuanguka, kisha akamwambia anachotaka. Hakupandisha sauti. Alisikiliza muda mrefu, akanirudishia simu.

"Umemsikia, mdogo wangu," akasema mwalimu. Sauti yake ilikuwa imelowa.

"Nimemsikia, dada."

"Mimi siwezi kuhamia Kasulu. Nina shule, nina watoto. Wewe ndiye uko pale. Utaweza kumwangalia?"

Jibu la swali hilo kila mwanamke wa kwetu analijua, liko tayari ulimini tangu usichana: nitaweza, dada, usijali, yule ni baba yangu pia. Hakimu alikuwa ananitazama. Alikuwa anasikia, simu zile zinapiga kelele.

"Peke yangu siwezi," nikasema.

Nikaendelea.

"Nilifanya miaka yote ile peke yangu mkisema ni kujitegemea. Nina mtoto na sasa nalima maharage ya watu. Naweza kumpikia. Kidonda naweza kukitazama. Kumbeba mvua ikinyesha siwezi, kumwogesha siwezi, kushinda naye siwezi. Mkitaka arudi, wewe na kaka zako mniambie nani anafanya hayo mengine. Mkisema Mama Tumaini atafanya, basi abaki hapa."

Sikuwahi kusema na mtu aliyenizidi umri namna ile. Kule shuleni kengele iligongwa, nikasikia watoto wanakimbia, yeye hakukata. Nilimsikia anavuta makamasi.

"Nakuja," akasema mwisho. "Naomba ruhusa nakuja sasa hivi. Msiondoke hapo. Tuongee wote watatu."

Nikaweka simu chini. Hakimu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya goti na juu ya mahali pa goti la pili.

"Anakuja," nikamwambia.

"Nimesikia. Nimesikia na yako." Hakuonekana kuchukia. Alinitazama kama alivyomtazama yule mama wa samaki.

Halafu akapeleka mkono shingoni, kwenye kifungo cha juu cha shati, akahangaika nacho. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, havikujua kifungo kiko wapi.

"Nifunge hiki," akasema. "Nataka anikute nimevaa kama mtu wa safari."

Nikainuka nikamfunga. Koo lake lilipanda na kushuka chini ya vidole vyangu. Kisha nilirudi kitini, tukakaa tunatazama geti.